Kufuatilia timu ya taifa huku cherehani inazunguka

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, Mombasa. Machi 2024, Kenya ilipokuwa Accra kwenye Michezo ya Afrika, Mwezi Mtukufu ulikuwa umeingia na kanzu za Idi zimenifika shingoni. Hata hivyo sikukosa nilichokitaka. Wanaoniuliza nilifanyaje, haya.

Anza na saa. Ratiba huandikwa kwa saa za mwenyeji, na Ghana wako nyuma yetu kwa saa tatu. Usihangaike kugeuza mara mbili; toa tatu tu, utapata saa yetu ya Kiswahili papo hapo. Ratiba ikisema 10:00, kumi toa tatu, saa saba mchana hapa. Ikisema 16:00, yaani nne ya alasiri kizungu, nne toa tatu: saa moja usiku, watu bado wako kwenye futari. 19:00 ni saa nne, tarawehe imekwisha. Michezo ya 2027 imepewa Misri, na huko utatoa tano. Wakiwa wamesogeza saa zao mbele wakati wa joto, toa sita.

Halafu usitake kufuata yote, utaishia kutoona chochote. Chagua kwa kazi uliyonayo mkononi. Voliboli husikika: seti ni pointi 25, kwa hiyo mimi hushona hadi nisikie 22, ndipo nainua kichwa. Mabinti wetu, Malkia Strikers, walitwaa dhahabu ya michezo hii Rabat, Morocco, 2019, na tangu hapo siwakosi. Mita 10,000 ni mizunguko 25 ya uwanja. Pindo la kanzu linakwisha kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho. Ndondi ndiyo mtihani. Kuingiza uzi kwenye sindano tu, mtu keshaanguka. Siku ya ndondi mimi huweka vifungo pembeni nikakaa na mikono mitupu, na mteja akija nitamwambia arudi baadaye.

Nunua daftari la shule. Jedwali la medali hupangwa kwa dhahabu, nalo lina dhuluma yake: muogeleaji mmoja anaweza kurudi na medali tano, ilhali wanawake 12 wa voliboli wakitoa jasho wiki nzima wanahesabiwa medali moja. Kwa hiyo baada ya dhahabu, fedha na shaba, mimi hupiga mstari wa nne: watu. Nahesabu shingo zilizovikwa. Jirani yangu anayeuza mahamri anasema hiyo ni hesabu ya aliyeshindwa. Huenda.

Ukurasa wa nyuma andika nani katufunga. Marehemu baba alikuwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, mwaka 1987, michezo ilipofanyika kwetu, akaona fainali ya mpira: Misri 1, Kenya 0. Alilieleza bao lile miaka yote kama deni ambalo mtu amekataa kulipa. Ukiwa na ukurasa huo, mechi yoyote dhidi ya Misri, hata ya mpira wa mikono usioujua, ina utamu.

Na kama una watoto dukani, wape kitu cha kushika. Julius Yego, ambaye kurusha mkuki alijifunza kwa kutazama video za mtandaoni, alishinda Maputo 2011, Rabat 2019, kisha Accra kwa mita 81.74. Mpwa wangu akauliza, «Mjomba, hizo ni ngapi?» Tepu ya fundi ina sentimita 150. Tukatoka nje tukapima kichochoroni: mara 54 na nusu. Tulianzia mlangoni kwangu, tukapita kinyozi, tukapita bomba la maji, wazee barazani wakauliza nani anauza kiwanja, na bado tulikuwa hatujafika. Tulipoweka jiwe mwishoni watoto walinyamaza kimya. Mmoja akajaribu kwa ufito wa mkuti. Ukaanguka mbele ya kinyozi.

Tafadhali tumieni tepu kuukuu. Mimi nilitoa ile ya kazini, watoto wakaivuta ikarefuka, na kanzu mbili za Idi zikatoka zinaburura.