SOMO: Una ulemavu wa mwili na unataka kuingia kwenye kuswing? Anzia hapa

Habari zenu wakubwa. Hii ni ya watu wazima, chini ya 18 pita tu. Nimeombwa mara nyingi niandike hii kitu nikawa naahirisha, leo nimekaa. Mimi natumia kitimwendo, uti wa mgongo uliumia, kiunoni kwenda chini sihisi sana, na mimi na mke wangu tuna miaka kadhaa kwenye haya mambo ya kubadilishana wapenzi. Sio daktari, naongea niliyopitia na niliyouliza kwa wanaojua.

Kabla ya hatua niseme kinachonikera. Wengi wetu wenye ulemavu tunaingia huku tumeshajishusha bei wenyewe, yani mtu yeyote akitukubali tunaona katufadhili, na hapo ndo unajikuta unakubali vitu ambavyo hukuvitaka kabisa kwa kuogopa kwamba ukikataa hatatokea mwingine. Ukiwa kwenye hali hiyo subiri kwanza.

Hatua ya 1: Kaa na mwenzako muongee ukweli
Hapa ndo pagumu kuliko kote. Muulizane kwanini mnataka. Kuna mtu anaingia kwa sababu anajiona mzigo, anasema moyoni "acha nimpe mwenzangu uhuru, mimi simtoshelezi", hiyo sio kuswing ndugu yangu, hiyo ni kujiadhibu na italipuka siku moja. Na kuna mwenza anayekubali kwa huruma, hataki kukuvunja moyo. Sisi tuliongea kama miezi minne hivi, na mara mbili tulisema basi tuache.

Halafu kuna jambo ambalo wanandoa wasio na ulemavu hawaliwazi. Kama mwenzako ndo anayekuhamisha kutoka kitini kwenda kitandani, ndo anayekusaidia chooni, siku hiyo hizo kazi nani anafanya? Watu wanapenda kukubaliana "kila mtu chumba chake". Sawa, ila wewe usiyeweza kujigeuza mwenyewe ukiachwa chumba kingine na mtu mliyekutana mara mbili, huna mlango wa kutokea. Sisi sheria yetu ni chumba kimoja, au kama ni viwili milango haifungwi na simu iko mkononi kwangu.

Hatua ya 2: Ujue mwili wako kabla hujampa mtu mwingine
Jaribu na mwenzako au peke yako: mkao gani hauumizi, wapi unahisi vizuri (mimi shingo na masikio, usicheke), misuli inakakamaa ukiwa umelalaje, nguvu inakata baada ya muda gani. Mtu mpya akikuuliza uwe na jibu, sio mnaanza kuchunguzana pale.

Za kiafya usiruke. Kama uti wako uliumia usawa wa kifua au juu zaidi, wenyewe wanaita T6 (pingili ya sita ya kifua) kwenda juu, msisimko au kibofu kilichojaa vinaweza kupandisha presha ghafla. Dalili ni kichwa kugonga vibaya, jasho na uso kuwa mwekundu au wa moto. Simamisha kila kitu, kaa wima miguu iwe chini, legeza nguo, angalia kama mkojo umeziba, na isiposhuka haraka ni hospitali, hakuna kuona aibu. Huyo mnayekutana naye aambiwe hili kabla.

Waliozaliwa na mgongo wazi, wengi wana aleji ya mpira wa lateksi, kwahiyo beba kondomu zako zisizo za lateksi, usitegemee za mwenyeji. Na mnaotumia dawa za kusimamisha uume, ukiwa unatumia dawa za moyo za jamii ya nitrati usichanganye, inaua. Pombe na vidonge vya kulegeza misuli pia, utalala katikati ya shughuli na hutajua nini kimetokea.

Kupima ni kwa wote, ila kumbuka majibu ya VVU ya leo hayasemi ya wiki iliyopita, kipimo cha haraka kinaweza kuhitaji hadi siku 90 kuwa na uhakika. Uliza daktari kuhusu PrEP (dawa za kujikinga na VVU kabla ya tendo) na chanjo ya homa ya ini B. Kondomu ikipasuka, PEP (dawa za kuzuia VVU baada ya tendo) inaanzwa ndani ya masaa 72, mapema zaidi ndo bora.

Hatua ya 3: Wasifu wako wa mtandaoni
Kiti kionekane kwenye picha moja. Moja tu, na isiwe ya hospitali. Maelezo mistari miwili inatosha, mimi nimeandika: "Natumia kitimwendo, nahama mwenyewe nikipewa nafasi, ukitaka kujua zaidi uliza." Historia ya ajali usiandike, hao sio ndugu zako. Ukificha mpaka siku ya kukutana utaona sura zao zinavyobadilika na hiyo picha haitoki kichwani, mi niliificha mara moja tu ikanitosha. Picha zenye uso usitume mapema.

Hatua ya 4: Kukutana bila kuvua nguo
Mara ya kwanza ni maongezi, sehemu ya watu. Angalia wanaongea na nani. Wakimuuliza mke wako "yeye anaweza nini?" na wewe umekaa pale pale, maliza soda yako uondoke.

Uliza mazingira mapema: ngazi ngapi, kitanda kina urefu gani (kikiwa sawa na kiti chako kuhama ni rahisi), mlango wa choo upana gani. Pima kiti chako utume sentimita. Watu wanasema "hakuna shida pako sawa" halafu unakuta ngazi sita.

Hatua ya 5: Siku yenyewe
Kojoa kabla. Kiti kiwe karibu breki zimefungwa, kisisogezwe mbali "ili kupata nafasi". Kondomu inabadilishwa kila mnapobadilisha mtu, kila mara. Kwenye sehemu usiyohisi angalia ngozi baadaye, unaweza kuchubuka usijue. Na kukusaidia kuhama sio ruhusa ya kukushika, liseme hilo kwa mdomo wako.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu mimi nina mtindio wa ubongo, maneno hayatoki vizuri na nikisisimka mwili unakakamaa, watu wanadhani naumia. Nafanyaje?
Jibu: Weka ishara mbili kabla, moja ya endelea na moja ya simama, kwa kiungo unachokimudu vizuri. Mimi ningeongeza sheria kwamba ukimya sio ndio. Mfanye majaribio mkiwa mmevaa nguo, mkicheka cheka.

Swali: Nimekatwa mguu chini ya goti. Kuna couple inanisumbua ila wanauliza habari za kigutu tu, kila meseji.
Jibu: Wapo watu wanaovutiwa na ulemavu wenyewe. Kuna dada namfahamu hilo halimsumbui hata kidogo, mimi linanisumbua. Badilisha mada mara tatu, ukiona wanarudi pale pale basi wanataka kigutu, sio wewe. Uamuzi wako.

Swali: Nina mpira wa mkojo muda wote, inawezekana kweli?
Jibu: Inawezekana kwa wengi, muulize nesi wako jinsi ya kuufunga pembeni kwa plasta usivutike, na mfuko utoe mkojo kabla. Waambie wenzako mapema, beba taulo nyeusi. Mkojo ukivuja umevuja, unafutwa.

Swali: Mwanaume single, natembea na magongo. Nakataliwa kila sehemu, ni magongo?
Jibu: Labda kidogo. Ila wanaume single wanakataliwa sana huku hata wakiwa na miguu minne. Punguza kutuma salamu kwa watu hamsini, soma kwanza wanachotafuta.

Swali: Samahani kama nakukwaza kaka. Mara ya kwanza kumuona mkeo na mwingine ulijisikiaje?
Jibu: Hujanikwaza. Dakika kumi za mwanzo vibaya. Sio lile tendo, ni kwamba yule jamaa alimnyanyua akambeba mpaka kitandani, kitu ambacho mimi sijawahi kukifanya na sitakifanya. Nikainama nikajifanya naangalia breki ya kiti. Tulivyorudi nyumbani nikamwambia, akakaa kimya halafu akasema muda wote ule alikuwa ameng'ang'ania shati la jamaa anaogopa kuangushwa.