Ukiambiwa wanavijiji wanaliunga mkono jeshi: namna ya kuipima habari hiyo

Vijana wanaoniletea kazi zao za chuo kikuu nizipitie hapa Malindi wana ugonjwa mmoja: wakishapata asilimia, wanaiamini. "Asilimia kadha ya wakazi wa vijijini wana imani na majeshi ya kigeni," nukta, aya inayofuata. Mimi nimebeba dodoso miaka mingi, Magarini, Ganze, mpaka Chakama huko, na najua asilimia huanzia wapi. Huanzia kwa mtu aliyeketi kwenye kigoda, anakutazama na kujiuliza ukiondoka itakuwaje. Basi huu ndio utaratibu wangu wa kusoma ripoti za namna hii. Wengi wenu mnaandika juu ya Afghanistan au Vietnam, kwa hiyo nitatumia hizo, na yetu ya 1913, Wagiriama walipowagomea Waingereza.

Anza na aliyebisha hodi. Usiguse matokeo kabla hujajua muulizaji alifika kwa gari la nani, aliandamana na nani, na nani alimlipa. Kwetu ukiingia kijijini unapita kwanza kwa chifu, chifu anakukabidhi kwa mzee wa kijiji, mzee wa kijiji anakutembeza. Ndiyo heshima, na ndiyo usalama wako. Lakini mzee huyo huyo ndiye anayeandika majina unga wa msaada ukija. Akiketi pembeni ukimhoji mama mwenye nyumba, barabara itakuwa nzuri, maji mazuri, chifu mzuri, kila kitu alhamdulillahi. Hapo hakuna mwenye bunduki. Sasa muweke askari wa nchi nyingine mlangoni, na mkalimani ambaye kijiji hakijui atalala wapi usiku, kisha uniambie "ndiyo" ya mama huyo ina uzito gani.

Kisha tafuta yaliyosemwa dodoso likishafungwa. Niliwahi kumhoji mzee mmoja upande wa Marafa, maswali ya huduma za serikali. Aliitazama beji yangu, akaisoma polepole kwa kidole, akauliza, "Nyinyi ni wa nani?" Nikamweleza. Akaitikia kwa kichwa, na tokea hapo kila jibu likawa "ni nzuri, mwanangu, ni nzuri." Nikajaza viboksi, nikashukuru, nikaaga. Akainuka kunisindikiza mpaka kwenye boda, kama ada. Tulipovuka ua wake wa miiba akaanza: kisima kimekufa tangu mvua za mwaka uliopita, fundi alikuja akapiga picha akaondoka, wanawake wanashuka mtoni kwenye mamba. Yote hayo hayakuwa na kiboksi. Tangu siku hiyo niliweka daftari la pili, la kusindikizwa, na wasimamizi wangu hawakulipenda kwa sababu haliingii kwenye kompyuta. Ripoti yoyote ya maoni ya vijijini isiyo na ukurasa hata mmoja wa daftari la pili, isome kwa jicho la kando.

Vietnam ni mfano mzuri wa kompyuta bila daftari la pili. Kuanzia 1967 Wamarekani walikuwa na mfumo wa kupima vitongoji vya Vietnam Kusini kila mwezi, zaidi ya vitongoji 12,000. Mshauri wao wa kijeshi wa wilaya alijaza fomu, kompyuta ikatoa herufi: A kwa kitongoji salama, kushuka mpaka E, na V kwa kilichokuwa mikononi mwa Vietcong, wapiganaji wa kikomunisti waliokuwa wanapigana na serikali ya Kusini. Mshauri mmoja alikuwa na vitongoji vingi, na mara nyingi alitegemea mkalimani. Mwisho wa mwaka ule hesabu zao zilionyesha karibu theluthi mbili ya watu wanaishi mahali salama. Januari 1968 yakaja mashambulizi ya Tet, Vietcong na wenzao wa Kaskazini wakavamia miji nchi nzima kwa mpigo. Sisemi walidanganya. Nasema aliyejaza fomu alikuwa pia mwenye kazi ya kukifanya kitongoji kiwe salama, kwa hiyo alikuwa anajipa maksi mwenyewe. Hili litafute katika kila ripoti: je, anayepima ndiye anayepimwa?

Baada ya hapo, uliza nani hakuulizwa. Mwaka 2010 shirika moja la utafiti liliwahoji wanaume 1,000 wa Helmand na Kandahar, kusini mwa Afghanistan, na asilimia 92 hawakuwa na habari ya mashambulizi ya Septemba 11, yaani ile sababu yenyewe iliyowaleta wanajeshi nchini mwao. Ni tokeo kubwa, na mimi nalitumia. Lakini soma tena: wanaume. Wanawake hawamo. Na katika tafiti nyingi za nchi ile, kijiji kilichokuwa hakifikiki kwa sababu ya vita kilibadilishwa na kingine kinachofikika. Maana yake ni kwamba vijiji vyenye hasira zaidi, au hofu zaidi, vilikuwa vinaondoka kwenye hesabu kimyakimya. Hili huwekwa mwishoni kabisa, kwenye kiambatisho chenye herufi ndogo. Mimi huanzia huko.

Sasa kampeni zenyewe za habari. Ripoti zake hupenda kuhesabu kilichotoka: vipeperushi vingapi vimedondoshwa, redio ngapi za kuzungusha kwa mkono zimegawiwa, nakala ngapi za gazeti zimechapwa. Wewe hesabu kilichopokewa. Majeshi ya kigeni kule Afghanistan yalikuwa na gazeti lao, Sada-e-Azadi, kwa Kidari, Kipashto na Kiingereza, katika nchi ambayo watu wengi wa vijijini hawakusoma. Upande wa pili Taliban walikuwa wanabandika barua usiku, mlangoni au msikitini, za vitisho. Barua ile hata asiyejua kusoma aliielewa, kwa sababu aliyeiweka alifika mpaka mlangoni wakati walinzi hawapo. Kuanzia 2008 wakazilazimisha kampuni za simu kuzima minara usiku katika sehemu nyingi za kusini. Jeshi lina mchana, wao wana usiku, mwanakijiji ana zote mbili za kuishi. Kwa hiyo mtu akiwa kimya usiandike "ameridhika."

Na tazama picha kabla ya maneno. Septemba 2017 jeshi la Marekani lilidondosha vipeperushi mkoani Parwan: simba anamkimbiza mbwa, na juu ya mbwa imewekwa bendera ya Taliban, ambayo ina shahada. Mtoto wa madrasa hapa Shela angewaambia kabla hakijachapwa. Jenerali wao ilibidi aombe radhi hadharani, na siku hizo hizo kukatokea shambulio la kujitoa mhanga karibu na kambi yao ya Bagram, Taliban wakasema ni kisasi cha kipeperushi. Lililonichoma zaidi ni kwamba hawakuwa wageni wa jambo hili. Miaka kumi nyuma, 2007, walidondosha mipira ya watoto kwa helikopta kule Khost, imechorwa bendera za nchi mbalimbali, ya Saudia ikiwemo na shahada yake. Mpira ni wa kupigwa teke. Watu waliandamana. Kwa hiyo ukisoma kwamba kampeni "ililenga hisia za wenyeji," tafuta ni mwenyeji gani alionyeshwa rasimu, na kama alikuwa na uwezo wa kusema hapana.

Nikirudi nyumbani, kwa sababu hapa ndipo utaelewa kwa nini nawaambia muangalie miguu kuliko midomo. Mwaka 1913 Arthur Champion, ofisa wa Waingereza, alikuwa anazunguka Ugiriama akitaka kodi ya nyumba na vijana wa kufanya kazi kwenye mashamba makubwa. Alikuwa na mabaraza na wazee aliowateua. Kama ungehesabu mahudhurio ya baraza ungesema serikali inasikilizwa. Wakati huo huo Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamewakusanya watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na kuwalisha viapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, wasishirikiane na serikali. Vijana hawakutokea. Hayo ndiyo maoni ya umma, na hakuna aliyeyaandika kwenye dodoso.

Waingereza walielezaje? Kwamba ni uchawi wa kikongwe mmoja, yaani Mekatilili. Wakampeleka Kisii yeye na Wanje, wakatoroka mwanzoni mwa 1914 na kurudi. Agosti ya mwaka huo Kaya Fungo ikalipuliwa kwa baruti, askari wa King's African Rifles wakachoma nyumba, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Ukikuta ripoti inayosema kijiji kizima kimepotoshwa na mchochezi mmoja, usibishane nayo. Ipite, nenda kwenye kurasa za kodi, za vibarua na za ardhi ya ng'ambo ya mto Sabaki, ambako watu walikuwa wanaamriwa kuhama.

Basi ukifika kuandika, sentensi yako ibebe aliyeuliza, aliyeulizwa na mahali. Usiandike "Waafghani hawakujua kwa nini wanajeshi wamekuja." Andika: "Mwaka 2010, wanaume 1,000 walihojiwa na shirika moja la utafiti huko Helmand na Kandahar, eneo la vita, asilimia 92 kati yao walisema hawana habari ya mashambulizi ya Septemba 11, wanawake hawakuhojiwa." Ni ndefu, ndiyo. Mwalimu wako akilalamika mwambie aje tuongee. Na kama ripoti uliyonayo haikupi hata hayo matatu, iondoe kwenye kazi yako.