Watu ishirini, giza moja: namna ya kuandaa usiku wa nyota njia ya Magadi

Mara ya kwanza nilipopeleka watu kutazama nyota, aliyeharibu usiku ni mimi. Tulikuwa kumi na wanane, macho yameshazoea giza, Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota, imetanda kutoka upeo hadi upeo. Nikakumbuka sijafunga gari, nikabonyeza rimoti mfukoni. Indiketa zote zikawaka mara mbili, na honi juu yake. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa, na mwanga mkali wa ghafla hulirudisha mwanzo. Giza la kikundi ni kama chakula cha sinia moja: anayetia mkono mchafu amewaharibia wote. Karibu kila ninachoeleza hapa kinatokana na aibu ile.

Hatua ya 1: Chagua usiku kwa kuangalia mwezi

Mwezi mpevu humeza nyota zote hafifu, kwa hiyo wikendi ya mwezi mwandamo ndiyo bora. Mwezi wa siku mbili tatu hauna neno, kwani hutua mapema. Wiki moja baada ya mwezi mpevu pia kuna nafasi, maana mwezi hutoka karibu saa sita usiku, nanyi mna jioni nzima. Hapa kwetu karibu na ikweta jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na ikikaribia saa mbili giza limekamilika. Hatungoji kama wenzetu wa Ulaya, ambao kiangazi huwanyima usiku.

Miezi ya masika na ya vuli ni kamari. Mimi hupenda Januari na Februari, kisha Juni hadi Septemba.

Hatua ya 2: Chagua mahali, mji ukiwa mgongoni

Wengi wa Nairobi hukimbilia kaskazini. Mimi huenda kusini, na sababu ni moja: vitu vizuri vya anga letu viko kusini na hukaa chini chini. Kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, hata likifika kilele chake, halizidi nyuzi 31 hivi juu ya upeo. Ukiwa kaskazini ya mji, unalitazama kupitia mwanga wa Nairobi. Ukishuka Bonde la Ufa kwa njia ya Magadi, mwanga huo unabaki nyuma yako.

Kwa wanaoanza, Olorgesailie, eneo la mabaki ya kale, inatosha: ni mwendo wa kilomita sabini hivi, pana uwanja wa kambi na banda, na pako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, kwa hiyo kuna mtu wa kumlipa na wa kumuuliza. Bebeni maji yenu. Na msiokote mawe hata liwe dogo vipi, kwani huenda ni shoka la watu wa kale. Mkifika Magadi yenyewe, kaeni mbali na mji, maana kiwanda cha magadi kina taa. Nje ya maeneo rasmi, ardhi ina wenyewe. Nendeni mchana kwa mzee wa boma la karibu, mwelezeni mtakuwa wangapi na mpaka saa ngapi, mkubaliane malipo. Watu ishirini gizani bila taarifa huonekana wezi wa ng'ombe.

Loiyangalani na jangwa la Chalbi, kaskazini ya mbali, kuna giza la ajabu, lakini si safari ya Jumamosi. Isitoshe, upepo wa upande ule wa Ziwa Turkana, uliofanya watu wasimike mitambo 365 ya umeme, utaitikisa darubini yako usiku kucha.

Mahali pakikutia shaka, pajaribu Januari jioni. Ukiliona Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani na yetu, kwa macho matupu, kama moshi uliosimama upande wa kusini, hapo panafaa.

Hatua ya 3: Shughulikia taa kabla ya kutoka nyumbani

Funika kila tochi kwa karatasi nyekundu ya kufungia zawadi, tabaka mbili au tatu, au paka kioo chake rangi nyekundu ya kucha. Seli za jicho zinazoona gizani haziusikii sana mwanga mwekundu, mradi uwe hafifu. Simu ni adui mkubwa kuliko tochi: izime, au iache garini. Ndani ya gari zima taa ya dari, na taa ya buti izibe kwa utepe mweusi, kwa sababu saa nne usiku lazima mtu atafuata chai.

Hatua ya 4: Fikeni jua likiwapo

Egesheni pua za magari zikielekea barabarani, tandikeni mikeka, oneshaneni choo kilipo. Moto wa kambi hapana. Muziki pia hapana, ingawa vijana hununa. Vaeni viatu vya kufunika. Julai huwa nawaonesha Nge, kundi jingine la nyota, akining'inia juu upande wa kusini, na kila mara kuna anayecheka nikimwambia akung'ute viatu kwa sababu ya nge wa chini.

Hatua ya 5: Kwenye darubini

Kabla ya darubini, nusu saa ya macho matupu. Anza na Kilimia, kile kishada cha nyota, ikiwa ni msimu wake. Wapo watakaokumbuka bibi zao wakisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na hapo mazungumzo hushika yenyewe.

Darubini ya mtu huombwa. Mikono nyuma, usiiegemee, usiguse kioo. Dunia inazunguka, basi sayari ya Zohali hutoroka kwenye kioo baada ya muda mfupi. Ikipotea, mwambie mwenyewe, usiisukume. Kitu hafifu kitazame kando kidogo, si moja kwa moja, kitajitokeza. Na kama huoni kitu, sema huoni. Nimeshasikia "wah!" nyingi za adabu huku kifuniko kikiwa bado mahali pake.

Leza ya kijani ya kuoneshea nyota ishikwe na mtu mmoja tu. Ndege ikionekana, izimwe.

Hatua ya 6: Wanaoondoka mapema

Wajulikane mwanzo, na magari yao yakae mwisho karibu na barabara. Anayeondoka hutangaza kwa sauti, watu wafumbe macho. Magari mengi ya siku hizi huwasha taa yenyewe ukigusa injini, kwa hiyo huwa nabeba leso mbili nzito za kufunika taa za mbele. Kisha wanne wetu tunalisukuma gari, injini imezimwa, gia huru, mpaka kwenye kona. Leso zinarudi kwangu kabla hajawasha.