Kabla ya Kupandikizwa Mbegu za Mionzi kwenye Tezi Dume

Mtu akiambiwa atapandikizwa mbegu za mionzi kutibu saratani ya tezi dume, hofu yake hukimbilia mionzi. Mimi ningeanza na mkojo. Tezi dume imeuzunguka mrija wa mkojo, na sindano zinazopita kwenye msamba kuacha mbegu huifanya ivimbe. Aliyekuwa akijikamua chooni tangu awali anaweza kuzibika kabisa na kuwekewa mpira wa kutolea mkojo. Basi usione haya: mwambie daktari unaamka mara ngapi usiku, mkojo unatoka kwa nguvu gani, na kama uliwahi kukwanguliwa tezi. Ukubwa wake utapimwa kwa ultrasaundi. Ikiwa kubwa mno, huenda ukaanzishiwa dawa za kuisinyaza.

Taja dawa zote unazomeza, hasa zinazozuia damu kuganda kama aspirini na wafarini, lakini usiziache kwa uamuzi wako. Usiku wa kuamkia siku yenyewe hutakula, na utumbo utasafishwa, kwa kuwa kipimo cha ultrasaundi huingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Kwa sababu ya ganzi au nusu kaputi, tafuta mtu wa kukurudisha nyumbani.

Mbegu zenyewe ni vijibomba vya titani, urefu kama milimita 4.5, na hubaki mwilini maisha yote. Ndani yake mna kitu chenye mionzi, kama iodini-125 au paladi-103. Nguvu ya iodini-125 hupungua nusu kila siku 60 hivi. Ya paladi-103 kila siku 17. Mionzi yake ni hafifu, nyingi huishia mwilini mwako. Vyombo, shuka na choo mtashirikiana kama kawaida. Tahadhari ni kwa watoto wadogo na wajawazito: kumpakata mjukuu huzuiwa kwa muda, mara nyingi miezi 2. Hilo zungumzeni mapema. Mtoto akifukuzwa mapajani bila maelezo huumia kuliko mgonjwa.

Weka tayari chujio la mkojo, kibanio na kichupa, maana mbegu moja moja huweza kutoka. Usiiokote kwa vidole. Fuata maelekezo ya hospitali ya kuihifadhi. Kondomu pia, kwa mara za mwanzo za tendo la ndoa.

Omba kadi inayotaja aina ya mbegu na tarehe. Vifaa vya kunasa mionzi viwanja vya ndege huweza kukupigia kelele. Na kama kwenu maiti huchomwa, ndugu wajue kadi ilipo: ukifariki mapema baada ya kupandikizwa, wahudumu sharti waarifiwe kabla ya moto kuwashwa.