Mama alipoteleza bafuni: namna ya kulinda mifupa ya mzee

Mama, miaka 74, aliteleza bafuni akaangukia kiganja. Anguko la kawaida tu, lakini kifundo cha mkono kikavunjika. Mfupa wa mtu mzima ukivunjika kirahisi hivyo, usiridhike na hogo (plasta ngumu) peke yake. Muulize daktari kuhusu osteoporosisi, yaani ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu, na umtajie dawa zote anazomeza. Prednisolone, dawa ya steroidi, ikimezwa muda mrefu hudhoofisha mifupa.

Nyumbani, anza na njia ya chooni usiku. Niliondoa mkeka mlangoni, nikaweka taa ukumbini, fundi akafunga bomba la chuma la kushikia ukutani. Ndala zake zilizolika kisigino nilizitupa. Alininunia siku mbili!

Chakula si kazi: mtindi, na dagaa wazima, maana kalisi, madini yanayojenga mifupa, imo kwenye vile vimifupa. Kila siku atembee, hata hadi kwa jirani, apate na jua.

Akianguka, mguu ukaonekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Hapo usimkande, usimvute, usimsimamishe. Mwache amelala, tafuta gari la kumpeleka hospitali.