Oveni ya mvuke haitoi mvuke: fuata njia ya maji kabla ya kushika bisibisi

Oveni ya mvuke ikigoma, wenye nayo wengi huwaza moja kwa moja kwamba bodi ya umeme imeungua. Mimi huanza na maji. Oveni nyingi ninazoitiwa zina tatizo mahali fulani kati ya tangi na tundu linalopuliza mvuke: kitu kimenasa, kimeziba au hakikukaa sawasawa. Kwa hiyo tutafuata safari ya maji kuanzia tangini, na umeme tutaugusa mwishoni.

Kwanza usalama. Mvuke wa nyuzi 100 unaunguza kuliko hewa ya moto ya nyuzi hizohizo, kwa sababu ukigusa ngozi hugeuka maji na kuachia joto lake hapohapo. Fungua mlango ukiwa umesimama kando. Na kama oveni yako ya mvuke ni maikrowevu pia, usifungue kasha lake hata kama unajiamini. Ndani mna kapasita inayoweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa.

Hatua ya 1: Nakili msimbo, kisha zima

Kioo kikionyesha msimbo wa hitilafu, upige picha kabla hujagusa kitu, maana ukizima unaweza kupotea. Kisha kata umeme kwenye breka, subiri dakika 10 hivi, uwashe tena. Umeme ukikatika na kurudi ghafla, bodi huweza kuchanganyikiwa, na mara nyingi hilo linatosha kuirudisha sawa. Msimbo ukijirudia, soma maana yake kwenye kitabu cha oveni hiyohiyo, kwa sababu kila mtengenezaji ana misimbo yake.

Kama taa zinawaka, feni inazunguka na saa inahesabu, lakini hakuna joto wala msimbo, kagua mipangilio uone kama oveni haiko kwenye hali ya maonyesho. Ni hali ya madukani, inayoifanya ijifanye inapika. Kuizima hakuhitaji fundi.

Hatua ya 2: Tangi

Lalamiko ninalolisikia sana ni hili: tangi limejaa, oveni inasema halina maji. Kwenye oveni nyingi, ndani ya tangi kuna boya lenye sumaku ndogo, na swichi iliyo upande wa pili wa ukuta huisoma sumaku hiyo. Boya likinasa kwa utelezi au chokaa, au sumaku ikiwa imechomoka, oveni haina namna ya kujua kwamba kuna maji. Toa tangi, lioshe kwa maji ya vuguvugu, lijaze, uone kama boya linapanda lenyewe bila kusukumwa.

Lirudishe mpaka likae kabisa. Sehemu ya chini au ya nyuma ya tangi huwa na vali ya springi inayofunguka pale tu tangi linapoingia hadi mwisho. Likibaki nje kidogo tu, pampu itavuta hewa. Kagua pia raba ya mviringo inayozunguka vali hiyo. Ikipasuka, hewa inaingia na maji yanavuja.

Aina ya maji nayo ina neno lake. Baadhi ya oveni hutambua maji kwa kupitisha umeme mdogo sana ndani yake. Ukitia maji yaliyokenekwa, kama yale ya kuongezea betri, hayana chumvi za kuupitisha, na oveni itashikilia kwamba tangi ni tupu. Tumia maji safi ya bomba, isipokuwa kitabu kiseme vingine.

Hatua ya 3: Washa, nyamaza, sikiliza

Weka mvuke wa nyuzi 100, oveni ikiwa tupu, ukae karibu nayo. Zima redio. Sikio ndicho kipimo cha kwanza cha kazi hii.

Pampu ikinguruma kwa vipindi vifupi na mvuke ukaja, njia ya maji ni nzima. Ikinguruma kwa sauti kali isiyokatika bila mvuke kutokea, inazungushwa bure: kuna hewa kwenye mpira wa maji au njia imeziba. Toa tangi, lirudishe, uanze upya mara mbili tatu. Kifuko cha hewa huweza kutoka chenyewe. Ukisikia ngurumo nzito, iliyobanwa, maji yamefika mahali hayapiti, na hapo mshukiwa ni chokaa. Kimya kabisa maana yake ama pampu imekufa, ama bodi haijaiamuru ifanye kazi, kwa mfano kwa sababu bado inaamini tangi ni tupu.

Hatua ya 4: Kuondoa chokaa

Hapa ndipo penye kazi. Maji magumu yakichemshwa huacha ukoko wa kalsiamu kaboneti, uleule mweupe unaouona ndani ya birika. Kwenye boila ndogo ya oveni, yaani chombo kinachochemsha maji yawe mvuke, ukoko huo hufunika hita, hubana mirija, na huidanganya sensa ya joto mpaka oveni ijizime ikidhani imepata moto kupita kiasi.

Endesha programu ya kuondoa chokaa kwa dawa na kipimo kilichotajwa kwenye kitabu. Mafundi wengi hutumia asidi ya sitriki, nayo inafanya kazi, ila ikipata moto mwingi inaweza kuacha mabaki ya kalsiamu sitrati ambayo ni magumu kuyeyuka. Ndiyo maana siipendi kwenye boila zilizofungwa, ambazo huwezi kuzifikia kwa mkono. Siki nayo hula raba na kuacha harufu. Na kamwe usichanganye asidi yoyote na dawa ya kung'arisha nguo yenye klorini, maana hutoa gesi ya sumu.

Ukishaanza, usikatishe. Oveni nyingi hujifunga hadi suuza zote zikamilike, na hilo ni jambo jema, kwani asidi iliyobaki ingeishia kwenye chakula. Kama imeziba sana, rudia mzunguko mzima. Mara ya kwanza huenda ikalegeza tu vipande vinavyokwenda kuziba mbele.

Oveni ambazo maji huchemka kwenye kisahani kilicho wazi sakafuni mwake ni rahisi: mimina dawa, acha ikae, futa kwa kitambaa. Usikwangue kwa kisu.

Hatua ya 5: Mlango

Funga kipande cha karatasi mlangoni, ukivute. Kikitoka kilaini upande mmoja, raba ya mlango imelegea au imechafuka hapo. Ioshe kwanza kwa sabuni laini. Mvuke kidogo unaotoka kwenye matundu ya hewa ni kawaida.

Hatua ya 6: Mvuke upo, chakula hakiivi

Maji hayachemki kwa nyuzi 100 kila mahali. Kwenye mwinuko wa mita 1,500 huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Oveni nyingi hujipima zenyewe zinapotumika mara ya kwanza, kwa hiyo ukihamia mwinuko tofauti, zirudishe kwenye mipangilio ya kiwandani ili zijipime upya.

Hatua ya 7: Umeme

Breka ikiruka kwenye mvuke pekee, huku hewa ya moto ikifanya kazi vizuri, huenda hita ya boila inavujisha umeme kwenye kasha la chuma. Usiendelee kuirudisha.

Kama unajua kutumia maltimita, kata breka, hakikisha kwa tesita kwamba umeme haupo, piga picha ya nyaya, kisha toa waya mmoja wa hita ndipo upime. Hita ya wati 1,500 kwa volti 230 husoma omu 35 hivi. Ya wati 2,000, omu 26 hivi. Mita isiposoma chochote, hita imekatika. Kati ya hita na waya wa ethi haipaswi kuonyesha muunganiko wowote, lakini mita ya kawaida haigundui kila uvujaji, kwa hiyo breka ikiendelea kuruka, mwachie fundi mwenye kipimo cha insulesheni.

Unapoagiza pampu, raba au hita, tumia namba kamili ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha fremu ya mlango. Oveni mbili zinazofanana kwa sura huweza kuwa na pampu tofauti. Ukishafunga kifaa kipya, endesha mvuke kwa dakika 20 tangi likiwa limejaa, ukimulika mirija kwa tochi bila kuigusa, kabla hujairudisha oveni kabatini.