Namna ya Kupima Uigizaji na Usimulizi katika Filamu za Drama

Watu wanapotoka kutazama filamu ya drama, sentensi mbili husikika kuliko nyingine zote: "yule ameuvaa uhusika" na "hadithi haina kichwa wala miguu". Zote mbili huweza kuwa za kweli, lakini aliyezitamka akiulizwa ni wapi hasa uhusika ulivaliwa, au ni katika onyesho gani hadithi ilipoteza miguu, mara nyingi hubaki kimya. Mwongozo huu ni wa mtazamaji anayetaka kuwa na jibu. Nitaegemea zaidi filamu moja ya Marekani, 12 Angry Men ya mwaka 1957, iliyoandikwa na Reginald Rose na kuongozwa na Sidney Lumet. Karibu dakika zake zote 96 zinapita ndani ya chumba kimoja, ambamo raia kumi na wawili, wajumbe wa baraza la mahakama, wanatakiwa kuamua kwa kauli moja kama kijana aliyeshtakiwa kwa kumuua baba yake ana hatia au hana. Humo hamna bahari, magari wala maleba ya kifahari. Waigizaji na hadithi hawana pa kujificha.

Utazamaji wa kwanza usiwe wa mtihani. Weka simu mbali, uiache filamu ikuchukue ikiweza, na kazi yako pekee iwe kukumbuka ni wakati gani ulianza kuangalia saa au kuwaza mboga uliyoiacha jikoni. Mahali hapo pana kitu. Huenda onyesho lilirudia jambo ulilokwisha kulijua, au mwigizaji alitamka kwa maneno kile ambacho uso wake ulikuwa umeshakisema. Sababu utaitafuta baadaye, ila kuchoka kwako ni ushahidi na usikuonee haya. Hakikisha pia kwamba unaitazama filamu yenyewe. Wengi wetu tulizijua sinema za nje katika mabanda ya video, ambako sauti ya msimulizi wa Kiswahili ilikaa juu ya sauti za waigizaji, na msimulizi hodari aliweza kuifanya filamu mbovu ichangamshe banda zima. Hiyo ni sanaa yake na ninaiheshimu, lakini aliyetazama kwa njia hiyo amemsikia msimulizi, na kuhusu sauti za waigizaji hana la kusema.

Ukirudi mara ya pili, acha kumtazama anayezungumza, umtazame anayesikiliza. Anayezungumza anasaidiwa na mwandishi, ambaye amempa maneno, ilhali anayesikiliza hana cha kushika isipokuwa kile anachokipata kutoka kwa mwenzake. Mwigizaji ambaye hajaiva husubiri zamu yake: macho yamekaa mahali pamoja, kichwa kinatikisika kidogo, kisha jibu linatoka papo hapo mwenzake anapomaliza, kama mwanafunzi aliyekariri shairi. Aliyeiva utamwona neno likimwingia, likimgusa au likimkera, na jibu lake likizaliwa kutoka hapo.

Mfano ni mjumbe wa nne katika filamu hiyo, dalali wa hisa, aliyeigizwa na E. G. Marshall. Chumba kina joto kali, wenzake wamelowa, naye yumo ndani ya koti lake, mkavu. Anaulizwa kama yeye huwa hatoki jasho. Anajibu kwamba hatoki. Baadaye sana anahojiwa kwa upole kuhusu sinema alizotazama siku chache zilizopita. Swali linaonekana la porojo, lakini mshtakiwa alihesabiwa kuwa mwongo kwa sababu alishindwa kuikumbuka sinema aliyodai kuitazama usiku wa mauaji. Mjumbe anajibu kwa kujiamini, kisha anakosea jina la filamu moja, kisha hawakumbuki waigizaji wake, na hatimaye anafuta jasho kwenye paji la uso. Sauti yake haijapanda hata kidogo. Ukiwa unamtazama anayeuliza tu, jasho hilo litakupita, na pamoja nalo utakuwa umepitwa na uigizaji bora kuliko kelele zote zilizopigwa mezani pale.

Kwa kipimo hichohicho, chagua dakika tano zozote uzime sauti. Ikiwa bado unaweza kusema ni nani mwenye nguvu chumbani, ni nani anaogopa na ni wakati gani mambo yaligeuka, waigizaji wanafanya kazi. Ikiwa unaona midomo inayofunguka na mikono inayorushwa hewani, drama yote ilikuwa katika maneno. Jaribio hili limeniharibia filamu kadhaa nilizokuwa nikizipenda, kwa hiyo lifanye ukiwa tayari.

Hata hivyo, usimpe mwigizaji sifa au lawama ya kila kitu unachokiona usoni mwake. Husimuliwa kwamba huko Urusi, karibu na mwaka 1920, mwongozaji Lev Kuleshov alichukua picha ileile ya uso uliotulia wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, akaiunganisha mara na bakuli la supu, mara na jeneza. Watazamaji wakasifu jinsi mtu huyo alivyoonyesha njaa na jinsi alivyoonyesha huzuni. Uso haukuwa umebadilika. Waliosifiwa kwa jina la mwigizaji walikuwa mkasi na gundi vya mhariri, aliyeviunganisha vipande vya filamu. Lumet naye alieleza kwamba theluthi ya kwanza ya filamu yake aliipiga kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, ya pili katika usawa wa macho, na ya mwisho chini yake, hata dari likaanza kuonekana na chumba kikawa kama kinawabana watu. Dhiki unayoihisi mwishoni, kwa hiyo, haikuletwa na waigizaji peke yao. Ukitaka kumtenga mwigizaji na mhariri, tafuta kipande kirefu kisichokatwa, hesabu kimoyomoyo, uone kama uso unaweza kukushika kwa sekunde ishirini bila msaada wa muziki.

Machozi yanahitaji uangalifu wake. Katika tamthilia zetu nyingi machozi ndiyo sarafu ya uigizaji, na anayelia kwa muda mrefu zaidi ndiye anayesifiwa. Mimi huuliza swali moja tu: je, kilio hiki kiliwekewa akiba? Lee J. Cobb, aliyeigiza mjumbe wa tatu, anaanguka katika kilio mwishoni, baada ya kuichana picha ya mwanawe. Kilio hicho kinauma kwa sababu mapema kabisa alikuwa ameitoa picha hiyohiyo na kumtaja mtoto ambaye hajaonana naye kwa miaka miwili, kisha kwa saa nzima akaificha hasira ya baba nyuma ya hasira ya mwananchi mwema. Kilio ambacho hakikuwekewa akiba ni maji tu.

Sikiliza pia lugha, jambo ambalo mtazamaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kulidai kuliko mwingine yeyote. Katika Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na Tosh Gitonga, Joseph Wairimu anaigiza kijana Mwas, ambaye kijijini huuza filamu na kuwaigizia wateja, kisha anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji na kuangukia katika genge la wezi. Kikuyu cha nyumbani na Kiswahili cha mtaani havikai kinywani mwake kwa namna moja. Linganisha na filamu ambamo muuza samaki anamwambia mama yake mzazi "ningependa kukufahamisha kuwa nimeamua kuondoka": hapo mwigizaji hana kosa, mwandishi ndiye aliyempa barua ya ofisi aisome nyumbani.

Kwa upande wa hadithi, Kiswahili chenyewe kimetupa kipimo. Isimulie filamu kwa -ka-: akaenda, akapenda, akaugua, akafa. Kiambishi hiki hupanga matukio foleni bila kulazimisha moja limzae mwenzake. Sasa isimulie tena, na kila penye -ka- ujaribu kuweka "ndiyo maana". Katika 12 Angry Men, kwenye kura ya kwanza wajumbe kumi na mmoja wanasema kijana ana hatia, mmoja anasema hana. Yule mmoja anachomeka mezani kisu kinachofanana kabisa na kile cha mauaji kilichodaiwa kuwa cha pekee. Ndiyo maana uhakika unapata ufa. Ndiyo maana anathubutu kuomba kura ya siri, akiahidi kukubali ikiwa wote kumi na mmoja watashikilia msimamo. Ndiyo maana kura moja tu ya mzee mmoja inatosha kuendeleza mjadala. Mnyororo haukatiki.

Filamu dhaifu utaikuta inasimama juu ya neno "mara": binti anaumwa, hospitali inadai fedha, mara anatokea mjomba tajiri. Siyo kwamba bahati imeharamishwa. Mwas anaporwa mara tu anapofika Nairobi na hakuna anayelalamika, kwa sababu bahati mbaya inayomtia mhusika matatani ni mwanzo halali wa hadithi. Inayomtoa ndiyo dhuluma.

Ukishapata haya, andika maoni yako ukitaja onyesho, si hisia tu. Badala ya "mwisho umeharakishwa", andika kwamba baba aliyekataa ndoa kwa filamu nzima anaikubali katika onyesho la mwisho bila kukutana na jambo lolote jipya lililombadili. Ukiona ulichoandika kinaweza kusemwa kuhusu filamu nyingine kumi bila kubadilisha neno, kifute. Na usiwatolee wengine siri ya mwisho, isipokuwa filamu iwe na zaidi ya miaka sitini, kama hii niliyoichambua hapa bila aibu.